Shikamoo ya Mtani

Mara ya kwanza kumwona Mtani, alikuwa amelala ndani ya kaburi la babu yangu. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, jeneza liko njiani linakuja na watu wake, na yule mtu mrefu mwenye suruali ya kaki amejinyoosha kule chini, mikono kifuani, macho ameyafumba. Wazee wakamsihi atoke. Akasema hatoki, mahali pamempendeza, babu atafutiwe pengine. Akaletewa jogoo. Akafumbua jicho moja, akamtazama yule jogoo, akauliza kama huyo naye ni mfiwa, maana amekonda mno. Waliokuwa wakilia wakacheka huku wanalia. Mimi nilikuwa mtoto na nilikasirika sana. Nikamwambia mama kwamba yule mtu hana adabu. Mama akanifuta kamasi kwa pindo la khanga, akasema, "Yule ni mtani wetu. Asingekuja ndiyo ingekuwa aibu."

Alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa kambi za mkonge za Korogwe, na sisi ni Wazigua wa Misima. Wanasema zamani misafara ya Wanyamwezi ilipokuwa ikipita kwetu na mizigo kichwani kwenda pwani, babu zetu waliwatoza hongo ya njia. Wakapigana, wakachoka, mwisho wakaona bora wachekane. Tangu hapo Mnyamwezi anaweza kuingia nyumbani kwa Mzigua, akamtukana mwenye nyumba, akabeba sufuria na kuondoka nayo, na hakuna mwenye ruhusa ya kununa. Mzigua naye vivyo hivyo akienda kwake. Jina lake la kuzaliwa nalijua, lakini sikumbuki kulitumia hata mara moja. Wanyamwezi tunao wengi huku, ila ukisema "Mtani" tu, Misima nzima wanajua ni nani.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanya kabisa, nalo ni kumwamkia Mzigua. Sisi watoto tulikuwa tukimkimbilia na shikamoo zetu, yeye anazifukuza kwa mkono kama nzi. "Rudisheni kwenu. Shikamoo ya Mzigua inaleta ukame." Na mtu mzima akimtania kwamba yeye ndiye aanze kuamkia, aliruka. "Mimi? Nimwamkie Mzigua? Babu yangu atafufuka aje anichape bakora!" Hata sheikh wetu hakuwahi kuipata shikamoo yake. Alimwita "mtoza ushuru" na sheikh alimwita "mpagazi", wakaelewana hivyo miaka yote.

Alikuwa na pikapu kuukuu. Zamani ilikuwa ya bluu. Alibeba mahindi yetu kupeleka Korogwe na kurudi na sabuni, mabati, na wageni. Mzigo haukumsumbua, kilichomsumbua ni rejeta. Ilikuwa inavuja tangu nilipolijua lile gari. Mafundi wa Korogwe walimwambia abadilishe, yeye akawajibu, "Mke akipata mafua unaoa mwingine?" Akawa anatia binzari. Wenye magari ya zamani wanajua, binzari ikichemka na maji inakwenda kuziba tundu kwa siku chache. Basi gari lile lilinuka pilau, na kulipanda ukiwa umefunga Ramadhani ilikuwa mtihani wa imani.

Maji sasa. Kwetu Handeni maji hayachezewi. Mwanamke anaamka na dumu kichwani kabla jogoo hajajua kumekucha. Mtani alikuwa akisimama kwenye mlango wa mtu na kusema, "Hodi, mtani wenu ana kiu." Msafiri hanyimwi maji, kwa hiyo anapewa kata iliyojaa. Analowesha midomo, kisha anatembea polepole mpaka kwenye gari na kuyamimina yote kwenye rejeta. Kina mama wakamshtukia. Akibisha hodi wanauliza kwanza, "Anakunywa nani, wewe au mkeo?" Lakini waliendelea kumpa, kwa sababu moja nilikuja kuigundua nilipokua. Mtani alichukua kuku wa watu, vigoda, hata mlango wa choo cha mjomba wangu aliwahi kuung'oa akaondoka nao kichwani. Maji hakuyachukua kamwe bila kuomba. Siku moja mke wa jirani alimwambia ajichotee tu mwenyewe, pipa lile pale. Akakataa, akasimama mpaka akachotewa. "Vitu nanyang'anya," akasema. "Maji naomba."

Alikuwa na mambo yake yanayopingana. Wale kuku wa misibani, alfajiri ya siku ya pili walikutwa wamerudi jikoni kwa wafiwa, wamefungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Msibani alipiga kelele kuliko wote, lakini mama alimwona mara nyingi nyuma ya nyumba akinawa uso, na uso wenyewe haukuwa na vumbi. Halafu alikuwa mwongo. Sisemi kwa ubaya. Aliwahi kuwaambia abiria wa basi kwamba daraja limekwenda na maji, basi likageuza, na daraja lilikuwa zima kabisa. Ukimwuliza Mtani njia, ilikubidi umwulize na mtu mwingine. Tulimpenda, ila neno lake hatukulitegemea, na hakuna aliyeona tatizo mpaka mama alipougua.

Ilikuwa masika, lami ilikuwa haijafika kwetu. Mama aliamka na tumbo, saa chache baadaye likawa limevimba na kukaza, na kila alichokunywa kilirudi. Muuguzi wa zahanati alimbonyeza mara moja tu akatuita nje. "Utumbo umejisokota," akasema. "Huyu apasuliwe leo. Mkisema mlale naye hapa, mtaamka na maiti." Upande wa Handeni mjini korongo lilikuwa limefurika, hakuna kinachopita. Ikabaki Korogwe, na gari la kwenda Korogwe lilikuwa moja.

Mtani alikuja mbio. Tulimlaza mama kwenye godoro nyuma, mimi nikakaa naye, mjomba wangu, mdogo wake mama, akakaa mbele. Mtani akainama juu ya mama, akamwambia asithubutu kufia kwenye gari lake, kwa sababu mzimu wa Kizigua ukiingia kwenye godoro hautoki hata kwa sabuni. Mama alicheka kwa meno yaliyobanwa. Tulipofika mwisho wa kijiji akazima gari, akatangaza kwamba injini imegoma mpaka iahidiwe kuku. Mjomba akaahidi. Injini ikawaka. Mama akacheka tena, nami nikafurahi kwamba anacheka.

Kwa hiyo aliposimamisha gari mara ya pili, porini, mahindi kushoto na kulia, sisi tulijua ni yaleyale. Mvuke ulikuwa unatoka, lakini gari lile siku zote lilitoka mvuke. Alifungua boneti, akatazama, akaja dirishani kwa mjomba.

"Rejeta imekufa."

"Kuku tumeshakuahidi," mjomba akasema.

"Sitaki kuku. Tangi la juu limefumuka, limeachia kabisa. Hata nitie mto mzima, unaishia chini."

"Haya, mbuzi. Washa gari tuondoke."

"Nikiwasha bila maji injini inaungua na kuganda, tunalala hapa."

"Mnyamwezi bwana! Jogoo hataki, mbuzi hataki, sasa unataka mke?"

Mjomba alikuwa anacheka, lakini kile kicheko kilikuwa cha mtu mwenye hofu. Mtani akasema tena kwamba gari haliendi. Akaapa. Sasa yeye kuapa alikuwa akiapa kila siku, aliapa hata kwamba amemwona mamba anapanda ngazi, kiapo chake kilikuwa na uzito gani? Mjomba akashuka, akamkamata ukosi wa shati. "Dada yangu anakufa nyuma pale, wewe unatania? Kuna utani na kuna ushenzi!" Nami nikapiga kelele kutoka nyuma, nikamwita jina ambalo sitaliandika. Nilimchukia. Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Tumefika?"

Mtani akavua kofia. Alikuwa mkubwa kwa mjomba, kama si kwa miaka kumi basi karibu yake. Akainamisha kichwa mbele ya yule mdogo aliyemkaba, akasema, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," mjomba akaitika, maana mdomo ulitangulia akili. Kisha nikaona vidole vyake vinaachia ule ukosi kimoja kimoja. Sijawahi kusikia neno la heshima likaniogopesha namna ile.

"Nisikilizeni," Mtani akasema, na sauti yake ilikuwa ngeni, kavu, haina mapambo. "Juu pale kwa bibi mmoja wa Kizigua pana pikapu kama hii, imelala tangu mumewe afariki. Rejeta yake nzima, nimeiangalia kila nikipita. Kaka, baki na mgonjwa, mpepee. Wewe binti beba spana, twende."

Tulipanda kilima mbio. Pikapu ilikuwa imekaa juu ya mawe nyuma ya jiko, kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Nilitegemea abishe hodi. Hakubisha. Akafungua boneti, akaingia na spana kama aliyekuja kazini. Bibi akatoka jikoni na mchi mkononi.

"Mwizi! Mchana kweupe! Hiyo gari ya marehemu, haijaguswa na mtu!"

"Mwizi ni babu yako aliyetutoza hongo," Mtani akajibu bila kuinua kichwa. "Mimi Mnyamwezi. Nimekuja kuchukua changu."

Mchi ukabaki hewani. Nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti, kulia, kueleza habari ya mama, lakini macho ya Bibi hayakuwa kwangu. Bibi alimtazama yule mtu mgongoni kwa muda mrefu. "Mnyamwezi wa wapi wewe?"

"Wa kambi ya mkonge. Wa kubeba mizigo yenu."

"Kumbe mpagazi," Bibi akasema, na mchi ukashuka polepole. "Mume wangu angekuwepo angekuchinja." Kisha akanigeukia mimi, na nadhani uso wangu ndio uliomwambia kilichobaki. "Nani mgonjwa?"

"Mama."

Hakuuliza zaidi. Skrubu zilikuwa zimeshikwa na kutu, moja ikakatika, Mtani akailaani kwa Kinyamwezi. Mipira ya maji ilikuwa imeoza, akaikata kwa kisu na kuiacha. Alipoinua ile rejeta, matawi makavu na manyoya yakamwagika, panya walikuwa wamefanya makazi. Akaziba tundu la chini kwa kiganja, akasimama mbele ya Bibi, na kwa mara ya pili siku ile nikamwona amebadilika sura. "Bibi," akasema, "naomba maji."

Bibi alikuwa na pipa moja ndani, na kisima kilikuwa mbali hata wakati wa masika. Akachota ndoo nzima. Rejeta ikajazwa, tukaitazama chini, pembeni, mahali pa kuungia. Haikudondosha. Akaimwaga na kuijaza tena mpaka taka zikaacha kutoka, na kila maji yalipoanguka kwenye udongo nilimwona Bibi anameza mate, lakini alichota tena, akatujazia na madumu ya kuondoka nayo. Tulipogeuka kwenda, akamshika Mtani shati kwa nyuma.

"Umechukua changu. Nami nachukua changu. Vua."

"Bibi, nina haraka."

"Ndiyo maana nasema vua upesi. Utalikuta hapa siku utakayoniletea habari ya mgonjwa."

Akavua. Aliteremka kilima kifua wazi, rejeta begani, mimi nyuma na madumu.

Mjomba alikuwa amesimama barabarani, mikono kichwani. Mama alikuwa ameacha kulalamika, na muuguzi alituambia mapema kwamba akinyamaza tuogope. Rejeta ya zamani ikatolewa na kutupwa majanini. Ya Bibi ikakaa, ila masikio yake ya kufungia skrubu hayakulingana vizuri na matundu, Mtani akayafunga kwa waya. Mipira yetu wenyewe ilikuwa imechanika mdomoni, akaikata kidogo, akaivisha, akaizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli mpaka ikakaza. Mjomba akanyakua dumu amimine. Mtani akafunika mdomo wa rejeta kwa kiganja.

"Bado."

"Bado nini? Toa mkono!"

"Injini ni ya moto bado. Ukimwagia maji baridi sasa inapasuka, na injini haibebwi begani."

"Dada yangu hasemi!"

"Namsikia kwamba hasemi."

Wakasimama hivyo, mmoja ameshika dumu, mwingine amefunika tundu, na hakuna kitu cha kufanya. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiota mpaka leo. Nilipanda nyuma, nikampanguza mama uso, nikamwita, nikamwita. Alifungua macho akayafumba. Mtani aligusa injini kwa mgongo wa mkono, akatikisa kichwa, akagusa tena. Mara ya mwisho akaondoa kiganja kwenye tundu. "Mimina, kaka. Polepole, hivyo hivyo."

Njia nzima hakutania hata mara moja. Alisimama mara kwa mara kutazama ule ukanda wa tyubu, akaongeza maji, akaendelea. Tuliingia Korogwe jua linateremka, Mtani kifua wazi, matope mpaka masikioni, na mlinzi wa hospitali akadhani mgonjwa ni yeye. Mama akaingizwa chumba cha upasuaji. Sisi tukakaa kwenye benchi. Ilipofika saa tatu daktari akatoka akasema tungechelewa kidogo tu asingemgusa, lakini sasa ataishi. Mjomba akainuka, akaenda mpaka kwa Mtani, akasimama mbele yake. Mtani akamtazama. "Kuku wangu yuko wapi?" akauliza.

Tangu siku ile alimwita mama yangu "Marehemu". Anafika uani na kuuliza, "Marehemu amepika?" Mama naye anajibu kutoka jikoni kwamba marehemu hapikii wapagazi. Kwa Bibi alirudi na pikapu imejaa madumu ya maji kutoka Korogwe, akampa habari ya mgonjwa, akadai shati. Bibi akasema amelizoea. Alilivaa shambani mpaka likaisha, na Mtani alikuwa akipita kulidai kila safari. Aliniambia mimi kwamba yule Bibi alijua anachokifanya. "Mtani ukimshikia kitu chake, hana ujanja, atarudi."

Rejeta yenyewe hakuibadilisha tena. Haikuvuja. Alilalamika sana kwamba gari halinuki chochote siku hizi.

Miaka imepita, lami imekuja, bodaboda zimejaa, na Mtani akaacha kuja Misima. Kwanza macho, halafu miguu. Misiba yetu ikawa kimya. Mwaka huu tukasikia anaumwa, nasi tukapanda basi, mimi na mama. Anaishi Korogwe kwenye nyumba za zamani za kambi, chumba kimoja, dirisha dogo. Nje pikapu iko juu ya mawe. Nilipopita nikachungulia mbele, nikaiona rejeta ya Bibi bado iko mahali pake na waya wake, na kuku ametagia kwenye kiti cha dereva.

Alikuwa amelala chali, mikono kifuani. Nilikumbuka kaburi la babu, nikataka kurudi nje. Amebaki mifupa na masikio. Alipomsikia mama anaingia, akafumbua jicho moja.

"Marehemu. Umekuja kunichukua?"

"Nikupeleke wapi? Kule nilikotoka hawapokei Wanyamwezi," mama akasema, akavuta kigoda akakaa.

Walitaniana mchana wote. Jirani aliyekuwa akimpikia uji alicheka mpaka akakaa chini, akatuambia mzee anatania hivi kila siku, kila siku anasema anakufa kesho, wao wameshamzoea. Mtani alisema kweli, kesho anakufa, na mirathi yake yote ni lile banda la kuku lenye usukani. Wakacheka tena. Mimi nikacheka. Nikajiambia huyu bado yupo sana.

Tulipoinuka kuwahi basi, mama akajifunga khanga, akamwambia kwaheri. Mtani akajaribu kuinua kichwa kwenye mto. Hakuwa na kofia ya kuvua, akapitisha mkono juu ya nywele zake nyeupe, akasema kwa ile sauti kavu niliyoisikia siku moja tu maishani.

"Shikamoo, dada."

Jirani akacheka, alidhani ni kituko kingine. Mimi nilimtazama mama. Mama alikuwa amelala nyuma ya pikapu siku ile, nusu hana fahamu, lakini alikuwa ameisikia shikamoo ya kwanza, aliniambia baadaye. Alijua anachoambiwa. Nilisubiri aitikie, maana mtu haachwi na shikamoo yake hewani. Mama hakuitikia. Badala yake akageuka ukutani, ambako shati la Mtani lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, shati jeupe, pengine ndilo pekee la maana alilobaki nalo. Akalitungua, akalikunja, akalitia ndani ya kapu lake.

"Mwizi," Mtani akasema polepole.

"Nimechukua changu," mama akajibu, na machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kapu. "Njoo ulidai Misima."

Nyumbani mama alilifua lile shati kwa maji ya kwanza aliyochota asubuhi, akalipiga pasi, akalining'iniza mlangoni mahali panapoonekana kutoka barabarani. Juzi nimemwuliza kama nilipeleke mwenyewe Korogwe, maana siku zinakwenda. Akasema niliache hapo hapo, mwenyewe anajua lilipo.